Anayebisha Hodi Ndiye Alipe

Ndugu zangu, nianzie Uingereza, kabla ya mwaka 1840. Mtu wa posta alikuwa anabisha hodi na barua mkononi, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Mwingereza mmoja aliyetaka posta ibadilishwe, Rowland Hill, akashikilia kwamba mtumaji ndiye alipe, tena mapema, na mwaka ule stempu ya peni moja ikatoka. Barua pepe imeturudisha kulekule. Anayetangaza anatuma kwa maelfu karibu bure, na sisi tunalipa kwa muda wetu.

Wapo waliosema: basi wasomaji walipwe. Mwaka 1999 kampuni ya AllAdvantage, huko California, iliweka ukanda wa matangazo kwenye skrini za watu ikawalipa senti 50 za dola kwa saa, na kamisheni kwa kila uliyemleta. Kompyuta ilijuaje kwamba upo? Kipanya kikisogea, upo. Hazikupita siku nyingi, zikaja programu za kusogeza kipanya zenyewe. Mtu yuko jikoni anamenya vitunguu, tangazo linaonyeshwa kiti kitupu, na saa inahesabiwa. Siwalaumu hata kidogo. Ukimlipa mtu kwa kuonekana anasoma, ulichonunua ni kule kuonekana. Mwaka 2001 kampuni ikafunga.

Mimi naunga mkono njia nyingine, ambayo hata Bill Gates aliizungumzia mwaka 2004. Asiyenijua akitaka kuniandikia, aweke amana, hata senti chache. Nikiisoma barua nikaona ya maana, amana siigusi. Nikiona kanipotezea muda, naichukua. Mwanafunzi anayeniomba ushauri hapotezi kitu. Anayemwaga barua milioni moja, huyo atakaa chini apige hesabu kwanza. Na hapa halipwi mtu kwa kukodoa macho, kwa hiyo hakuna cha kughushi.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Mama yangu hulala na simu chini ya mto. Majuzi, saa kumi alfajiri, ujumbe uliingia. Akawasha taa, akapapasa miwani, mikono inatetemeka, maana kwetu simu ya saa hiyo ni msiba. Lilikuwa tangazo la mkopo. Alikaa kitandani mpaka kukapambazuka, usingizi umekata. Aliyelituma hakutozwa chochote kwa usingizi ule. Nataka mama awe na kitufe cha kubonyeza, na ile amana iingie kwenye simu yake alfajiri hiyohiyo.