Jeuri ya Mezani na Barua ya Uamuzi
Mhadhara uliotolewa kwa Waswahili wa London ya mashariki

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada na kaka zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimetuishia, nawashukuru kwa kuja na baridi hii. Nimeombwa nizungumze kuhusu mtu kutendewa vibaya wakati anapodai mafao ya kukosa kazi hapa Uingereza. Nimekuwa nikijitolea kuwasaidia watu kusoma barua za ofisi kwa miaka kadhaa, na kwa hiyo nitasema niliyoyaona, pamoja na sheria inavyosema pale ninapoifahamu.

Nianze na mama mmoja ambaye ameniruhusu kueleza habari yake bila jina lake wala la ofisi yake. Alikuwa akipokea Universal Credit, yaani malipo ya kila mwezi ya serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo, na alikuwa na miadi ya saa tatu asubuhi katika ofisi ya kazi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwanawe alipelekwa hospitali akiwa hawezi kupumua vizuri, na asubuhi ikamkuta mama bado yuko kando ya kitanda. Siku ya pili alikwenda ofisini kujieleza. Mtumishi aliyemkuta mezani alimwambia, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu zao, kwamba watu kama yeye hawaishiwi na visingizio, na kwamba mwenye simu ya kupigia picha hawezi kukosa simu ya kutolea taarifa. Mama yule alirudi nyumbani akalia, na tangu siku hiyo kila alipoona ujumbe wa ofisi ile kwenye simu yake moyo ulimwenda mbio, akauacha bila kuufungua.

Alipokuja kwangu zilikuwa zimepita wiki saba, naye alikuwa na malalamiko ya kurasa tatu, yaliyoandikwa kwa mkono na kwa uchungu mkubwa. Alichotaka ni kimoja tu: yule mtu amwombe radhi. Nikamwuliza kama amekatwa fedha. Akasema ndiyo, amekatwa, na aliyemkata ni yule yule kwa chuki zake. Tulipofungua akaunti yake tulikuta uamuzi wa kumkata malipo, uliotolewa na mtu mwingine kabisa ambaye hajawahi kumwona, ukiwa na tarehe, na chini yake maelezo kwamba asiyeridhika ana mwezi mmoja wa kuomba uangaliwe upya. Mwezi ule ulikuwa umekwisha wakati yeye anatunga malalamiko.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Mtu aliyekudharau na uamuzi uliokunyima fedha ni vitu viwili mbalimbali, hata kama vimetoka katika jengo moja na kukupata katika wiki moja. Kila kimoja kina mlango wake, na kila mlango una saa yake ya kufungwa. Sisi huvichanganya kwa sababu moyo wa binadamu huvichanganya: tusi huwaka moto, barua imelala kimya, nasi tunakwenda kulizima lile linalowaka.

Basi tuone ofisi yenyewe inavyofanya kazi. Yule unayekaa naye mezani ni mshauri wa kazi. Miadi yake ya kawaida na mtu mmoja ni dakika kumi, na nyuma yako wapo wengine wengi; nasema hivi ili tujue kwamba ukali mwingine ni uchovu, ingawa uchovu haumpi mtu ruhusa ya kutukana. Mshauri huyu anaweza kupeleka jina lako na kueleza kwamba hukutimiza jambo fulani, lakini si yeye anayetoa adhabu. Adhabu hutolewa na mtoa uamuzi, ambaye anafanya kazi kwa karatasi: anasoma aliyoyaandika mshauri, anasoma uliyoyaandika wewe, kisha anapima kama ulikuwa na sababu ya msingi. Ikiwa wewe hukuandika kitu, anasoma upande mmoja tu. Kwa hiyo mtu anayetoka pale mezani kwa hasira, akaapa hatasema tena na watu wale, amemwachia mwenzake uwanja mzima.

Anayekosa miadi kwa mara ya kwanza, ikiwa yumo katika kundi la wanaotakiwa kutafuta kazi, hukatwa posho yake ya msingi mpaka siku atakapofanya alichotakiwa kufanya, kisha huongezewa siku 7. Akirudia ndani ya mwaka mmoja huongezewa siku 14, na baadaye 28. Kukataa kazi au kuacha kazi bila sababu ya msingi huleta adhabu nzito zaidi, kuanzia siku 91. Mageuzi ya sheria ya mwaka 2012 yaliruhusu mtu akatwe hadi miaka mitatu, na kikomo hicho kilishushwa kuwa miezi sita mwaka 2019. Mtu mmoja asiye na mwenza, mwenye miaka 25 au zaidi, alikuwa akipewa posho ya msingi ya pauni 400.14 kwa mwezi katika mwaka wa fedha wa 2025/26, na adhabu inaila posho hiyo. Sehemu ya kodi ya nyumba na ile ya watoto haiguswi. Nimeona watu wakikimbilia kukopa kwa riba wakidhani kodi ya nyumba nayo imekwenda, kumbe ipo. Aliyekwama kabisa anaweza kuomba malipo ya dharura kwa walioadhibiwa, lakini ajue kwamba fedha hizo atazirudisha baadaye kidogo kidogo.

Sasa mlango wa uamuzi. Hatua ya kwanza ni kuomba uamuzi uangaliwe upya, na kwa lugha ya ofisi hatua hiyo inaitwa mandatory reconsideration. Naomba maneno hayo mawili myaandike kama yalivyo, kwa sababu ukiandika kwenye daftari lako la mtandaoni, lile unaloandikiana na ofisi, kwamba hukutendewa haki, au kwamba umesikitika sana, unaweza kujibiwa kwa upole na lisifanyike lolote. Ukiyaandika maneno hayo, umeomba jambo lenye jina katika sheria na hawana budi kulijibu. Muda wake wa kawaida ni mwezi mmoja tangu tarehe ya barua. Aliyechelewa anaweza bado kuomba hadi miezi 13, lakini itambidi aeleze kwa nini amechelewa na kwa nini ombi lake lina maana. Ndivyo tulivyofanya kwa yule mama. Tuliambatisha karatasi ya hospitali yenye saa aliyopokelewa mtoto na saa aliyoruhusiwa, tukaeleza kwa mistari minane kilichotokea, na neno la visingizio hatukulitaja hata mara moja. Alinikasirikia kidogo kwa hilo. Nilimwambia kwamba anayesoma maombi yale anatafuta kujua mtoto alikuwa wapi saa tatu asubuhi, hana haja ya kujua nani alimkosea nani adabu. Ombi la kuchelewa lilikubaliwa, na fedha zilirudishwa.

Kama zisingerudishwa, mlango uliofuata ungekuwa rufaa katika baraza la mahakama, ndani ya mwezi mmoja tangu jibu la hatua ya kwanza. Baraza hilo haliko chini ya wizara inayolipa mafao, halitozi ada, na ukiomba mkalimani linakuwekea bila malipo. Wengi wetu tukisikia neno mahakama tunajiona tayari tumevaa pingu. Kwa kweli ni chumba chenye meza, na mara nyingine ni simu tu, na hakimu anayeuliza maswali na kukusikiliza mpaka umalize. Wapo walioniambia kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu wa serikali kuwasikiliza hivyo.

Mlango wa malalamiko ni mwingine, nao pia una thamani yake. Unaanza kwa kulalamika kwa wizara yenyewe, kwa simu, kwa barua au mtandaoni, ukisema kwamba haya ni malalamiko rasmi. Ukipata jibu lao la mwisho na hukuridhika, una miezi sita ya kupeleka shauri kwa mchunguzi huru wa malalamiko, ambaye kwa Kiingereza anaitwa Independent Case Examiner. Baada yake yuko msuluhishi wa Bunge, na kwake unapitia kwa mbunge wa eneo lako. Njia hii inaweza kukupatia radhi, maelezo ya kilichokwenda kombo, na wakati mwingine malipo madogo ya fidia kwa usumbufu. Haiwezi kubatilisha uamuzi wa kisheria wa kukukata. Pia huchukua muda mrefu, hivyo asiianze mtu kwa matumaini ya kulipia umeme wa mwezi huu.

Malalamiko yenye nguvu ni yale yaliyoandikwa siku ile ile. Ukitoka ofisini, kabla hujapanda basi, andika tarehe, saa, jina lililoandikwa kwenye beji, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na nani alikuwapo. Usiandike kwamba alikutukana. Andika alivyosema, msomaji ataona mwenyewe. Tena una haki chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi kuomba nakala ya kila walichokiandika juu yako, pamoja na simu zilizorekodiwa, na kwa kawaida wanatakiwa wakupe ndani ya mwezi mmoja. Nimeona malalamiko yaliyodharauliwa yakibadilika sura siku mlalamikaji alipoleta maandishi ya ofisi yenyewe. Na kama uliyotendewa yalihusu rangi yako, dini yako, ujauzito au ulemavu wako, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakupa njia ya mahakama ya kawaida pia, lakini muda wake ni miezi sita kasoro siku moja. Hilo lipelekeni haraka kwa kituo cha sheria au kwa Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri bila malipo, msilibebe peke yenu.

Niruhusuni kidogo niseme juu ya lugha, maana hapa ndipo tunapoumia wenyewe kwa mikono yetu. Wengi wetu tuna Kiingereza cha kuombea maji, na badala ya kukubali hivyo tunamchukua mtoto shuleni aje atutafsirie. Nilimsikia kijana mmoja wa miaka 12 akimtafsiria baba yake. Mshauri alisema jambo la kukatisha tamaa, mtoto akalimeza kwa kumwonea baba yake huruma. Kisha mshauri akasema kwamba hati fulani iletwe kabla ya Ijumaa, naye mtoto akatafsiri kwamba hati iletwe. Ijumaa ikapita. Baba hakujua kwamba amedharauliwa wala kwamba amepewa siku ya mwisho, na mtoto alibeba yote mawili. Ofisi zile zina utaratibu wa kumweka mkalimani kwa simu, nanyi hamlipi chochote. Ombeni mapema, na muandike kwamba mmeomba. Anayejua Kiingereza naye anaweza kwenda na rafiki wa kukaa kando yake. Nimeona sauti nyingi zikishuka kwa kuwa tu kuna mtu wa pili anayeandika.

Kuna jambo la aibu, nalo sitalipitia mbali. Sisi wenyewe tunasema fulani anakula benefiti, kwa sauti ile ile tunayoitumia kwa mtu anayekula mali ya yatima, kisha tunashangaa mwenzetu akitukanwa ofisini asiseme kitu. Bima ya kukosa kazi ilianza nchi hii kwa sheria ya mwaka 1911: mfanyakazi alichanga, mwajiri akachanga, serikali ikaongeza, na aliyekosa kazi katika viwanda vilivyohusika alipewa shilingi 7 kwa wiki hadi wiki 15. Kamwe haikuwa sadaka. Hata leo ipo sehemu, ile posho ya watafuta kazi ya mtindo mpya, anayoidai mtu kwa sababu alikatwa Bima ya Taifa katika mshahara wake, nayo hulipwa kwa muda usiozidi siku 182. Na dhana ya kumshuku mdai si ya jana wala haikubuniwa kwa ajili yetu wageni: kuanzia mwaka 1921 Waingereza wenyewe walitakiwa kuthibitisha kwamba wanatafuta kazi kwa dhati, wakazunguka viwanda vilivyofungwa ili tu wawe na la kujibu, mpaka sharti hilo lilipoondolewa mwaka 1930. Ukilijua hilo, jeuri ya mezani inapungua uzito kidogo, ingawa si kila jeuri, maana neno "watu kama nyinyi" tunajua sote lilikusudiwa kwa nani.

Tahadhari moja fupi. Ambaye viza yake imeandikwa kwamba haruhusiwi kutumia fedha za umma asidai Universal Credit kabla ya kupata ushauri wa mtu aliyeruhusiwa kisheria kushauri mambo ya uhamiaji. Mimi sina ruhusa hiyo, na baada ya mkutano huu sitajibu maswali yake.

Yule mama alipata barua ya radhi baada ya miezi mitano. Ilikuwa na aya mbili, ya pili ikisema kwamba mtumishi amekumbushwa viwango vya huduma. Aliniletea niisome, akanitaka niisome tena polepole, kisha akaikunja akaitia ndani ya mkoba alimokuwa ameweka karatasi za hospitali.

Nimeambiwa wapo kumi na wawili waliokuja na barua zao leo. Meza iko pale karibu na mlango wa jikoni, na dada zetu wawili watanisaidia kupanga. Hatutafuata aliyetangulia kufika. Tutaanza na yule ambaye barua yake ina tarehe ya zamani kuliko zote.