Mtazameni Kiwavi, Kipepeo Atajileta

Asante, mwenyekiti. Nimeambiwa nizungumze juu ya vipepeo. Nitazungumza juu ya viwavi. Walionisikia mwaka jana wanacheka, nawaona.

Basi tuanze na ule mdimu wangu, nyuma ya jiko, karibu na pipa la maji. Masika yakishika na majani machanga yakichipua, huja kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Hakufuata maua, maana hayapo. Anagusa jani kwa ncha ya tumbo, anaacha yai moja, kama punje ya ulezi, anaondoka. Rudi baada ya siku kadhaa, utakuta kinyesi cha ndege juu ya jani. Usikifute! Ndiye mwenyewe. Kahawia, na baka jeupe kiunoni, amekaa mchana kweupe na ndege wanampita. Akinenepa ujanja huo haumfai tena. Ndege gani huyo wa kuacha kinyesi kirefu kama kidole? Anajivua ngozi, anatoka wa kijani. Mguse kwa kijiti: nyuma ya kichwa anachomoa pembe ya rangi ya chungwa, yenye panda, na harufu yake Mungu aepushe. Mjukuu wangu alisogeza pua, akakimbilia bombani.

Kuna mtu pale nyuma anasema, mzee, huyo mdudu anamaliza mdimu wangu. Kama una kitalu cha michungwa, mtoe kwa mkono, sina ugomvi nawe. Lakini jirani yangu alipulizia dawa ya viwavijeshi mdimu unaopita paa la nyumba, kwa viwavi saba. Saba! Vuli ilipofika akaniuliza vipepeo wamekwenda wapi. Nilimwaga chai.

Haya, majira. Wapo vipepeo wadogo wa kahawia, mashariki na kusini mwa Afrika, wanaoruka chini chini kwenye nyasi za kivulini. Wataalamu huwaita Bicyclus anynana. Wa wakati wa mvua ana macho ya bandia pembeni mwa bawa. Ndege anadonoa hapo, anaondoka na kipande cha bawa, kipepeo anaondoka na roho yake. Wa kiangazi macho yamefifia, ni jani kavu tupu, na hulala juu ya majani makavu. Mama anaweza kuwa mmoja! Anayeamua ni joto alilokulia kiwavi: maabarani, kwenye nyuzi 27 anatoka na macho, kwenye 17 anatoka jani kavu. Kwa hiyo baridi ya kipupwe ikianza, kiwavi keshapewa habari ya kiangazi, wewe bado unatafuta mwavuli. Ndiyo maana nasema andikeni tarehe. Daftari la shule linatosha.

Yupo na kipepeo aitwaye Precis octavia, wa buluu kiangazi, wa rangi ya chungwa masika. Zamani walidhaniwa ni aina mbili... Mwenyekiti ananionyesha saa. Habari ya wakulima wa Amani, kule Usambara, Tanzania, waliokuwa wakiuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akingoja kuwa kipepeo, Ulaya na Marekani hadi serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016, hiyo ina hasira yake, tuiache.

Nani aliyekuja na kiwavi kwenye kopo? Wewe, mwanangu? Njoo mbele. Na majani ya mdimu umemletea? Hukuleta. Haya, nani anakaa karibu hapa, mwenye mdimu?