Kabla Mfuga Nyoka Hajaleta Mjusi Nyumbani

Hamjambo ndugu zangu, na asanteni kwa kufika licha ya jua hili la Kisumu. Wengi wenu mmefuga nyoka kwa miaka. Mkimtazama chatu macho tu mnajua anakaribia kujivua gamba, na akisusa chakula miezi miwili hamkimbii huku na huku. Ujuzi huo ni mali. Lakini sehemu yake kubwa haitawafaa kwa mjusi, na ni heri tulizungumze leo kuliko mnyama akishalemaa.

Niruhusuni nianze na chakula, maana ndiko mambo yanakoharibikia. Ukimpa nyoka panya, umempa mlo uliotimia. Ndani yake mna mifupa yenye kalsiamu, mna ini lenye vitamini, na nyoka anameza vyote kwa mpigo mmoja. Nyenje hana mfupa hata mmoja, na mwilini mwake fosforasi inaizidi kalsiamu kwa mbali. Mjusi akilishwa nyenje watupu, mwili wake huanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Utaona vidole vinatetemeka. Kisha taya linakuwa laini, ukiligusa linabonyea. Mwishowe miguu inapinda na mnyama anaburura tumbo kwa sababu hawezi kulinyanyua. Mkiwahi, daktari atausimamisha ugonjwa, lakini mfupa uliokwisha kupinda hivyo haunyooki tena.

Kwa hiyo nyenje hupakwa unga wa kalsiamu. Watie kwenye kopo lenye unga kidogo, lizungushe taratibu mpaka weupe uwaenee miguu na tumbo, kisha mpe mjusi papo hapo, kwani wakikaa hujisafisha na unga wote hubaki sakafuni. Tena nyenje wenyewe walishwe vizuri siku moja kabla. Sukuma wiki inafaa sana kwa kazi hiyo. Spinachi haifai, ina oksaleti inayoing'ang'ania kalsiamu isitumike mwilini.

Hapa kwetu tuna bahati ambayo wengine hawana. Kule Bondo, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kina kituo kizima kinachoshughulikia wadudu kama chakula cha watu na cha mifugo, na ufugaji wa nyenje si jambo geni tena upande huu wa ziwa. Kuna pia wanaofuga mabuu ya nzi askari weusi kwa ajili ya kuku na samaki. Mabuu hayo yana kalsiamu nyingi kuliko nyenje. Msiwaokote wadudu chini ya taa za barabarani. Hamjui wamepita shamba gani lililopigwa dawa. Na kimulimuli asikaribie kabisa kizimba cha mjusi: kuna aina za vimulimuli ambazo mmoja tu ametosha kuua mjusi mkubwa.

Sasa mwanga. Nyoka wengi tunaowafuga huishi vizuri bila taa maalumu. Mjusi anayeshinda juani hawezi. Ngozi yake inahitaji miale ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ili itengeneze vitamini D3, na bila D3 hata kalsiamu uliyompa hupita tu tumboni. Kioo cha dirisha huizuia miale hiyo, kwa hivyo kumweka mjusi kando ya dirisha hakumsaidii hata kidogo. Taa ya UVB nayo huchoka kabla haijazimika: bado inawaka, wewe unaridhika, kumbe miale imekwisha. Nyingi hubadilishwa baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, na tarehe ya kuinunua iandikwe kwenye taa yenyewe.

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Kizimba cha waya nje ya nyumba, nusu kivuli nusu jua, asubuhi na jioni, kinampa mjusi kitu ambacho mfugaji wa Uingereza analipia pesa nyingi bila kukipata sawasawa. Ila kiwe cha waya. Tangi la kioo likiwekwa juani hapa Kisumu litamuua mnyama kwa dakika chache, na nasema hivi kwa uzito wote.

Mnaniuliza basi mchague yupi. Mtu anayetoka kazini jioni, nampendekezea geko-chui, yule wa Pakistani, Afghanistani na India. Hutoka giza linapoingia, anapenda maficho kama nyoka wenu, na hapandi kioo kwa sababu vidole vyake havina vibandiko kama vya mjusi kafiri wa ukutani. Mafuta yake huyaweka mkiani, hivyo afya yake unaisoma hapo: mkia ukiwa mnene sawa na shingo, yuko vizuri. Tazameni vidole kila anapojivua gamba. Kipande kidogo kikibaki hukaza, na kidole hukatika. Anaishi miaka kumi na mitano, hata ishirini, kwa hivyo pangeni maisha yenu pamoja naye.

Aliye nyumbani mchana kutwa anaweza kumfikiria pogona, mjusi mwenye ndevu wa Australia. Huyu anataka mahali pa kuota joto la karibu nyuzi 40, na joto litoke juu, si chini kama mlivyozoea. Akiwa mdogo hula wadudu mara mbili au tatu kwa siku. Akiwa mkubwa hula zaidi majani. Saumu za nyoka hapa hazipo.

Geko mwenye vimiiba kama kope juu ya macho, wa Kaledonia Mpya, ni mzuri, lakini joto likipita nyuzi 28 anaanza kuteseka. Nakuru, kwenye mita zaidi ya 1,800, mtu anaweza kumweka. Kisumu mwacheni.

Mikono pia ijifunze upya. Nyoka tunamtegemeza mwili wote, hata mkiani. Mjusi ukimshika mkia anaweza kukuachia. Geko-chui huota mwingine, mfupi na usio na umbo lile. Pogona akikatika mkia, hauoti tena. Mwingizie kiganja chini ya kifua, apande mwenyewe.

Kenge wa ziwani na vinyonga wa vichakani wabaki walipo. Kenge huyu anaweza kupita mita mbili, na kinyonga hunywa matone kwenye majani, wala bakuli la maji halioni. Zaidi ya hayo, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inadai kibali, na wenye vibali vya nyoka wasidhani vinawafunika na mijusi. Anzieni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na muulize pia kuhusu mnyama wa kutoka nje, kabla ya kulipa hata shilingi.

Wenye majike, wekeni sanduku la mchanga wenye unyevu. Jike hutaga hata bila dume, na asipopata pa kuchimba mayai yanaweza kumkwama tumboni. Mama pale mbele ulikuwa umeinua mkono tangu nilipotaja nyenje. Karibu na swali lako.