Cherehani Moja, Kazi Mbili

Asanteni, mama zangu na dada zangu. Kaka zangu wawili mliojificha nyuma, sogeeni, viti vipo.

Nimeombwa niseme cherehani ipi inamfaa anayetaka kushona mablanketi ya viraka pamoja na nguo za watoto. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza ina mishono mingapi, na muuzaji hujibu kwa fahari: 30, 60. Mimi nasema miwili inatosha, wa moja kwa moja na zigizaga, ule unaokwenda kushoto na kulia. Hiyo mingine utaichezea wiki ya kwanza, basi.

Kinachosumbua ni kwamba kazi hizi mbili zinavutana. Blanketi la viraka ni tabaka tatu: vitenge juu, shuka chini, katikati blanketi jepesi. Lote lipite kati ya sindano na nguzo ya kulia, na cherehani nyingi za nyumbani zina inchi 6 au 7 tu hapo. La mtoto litapita. La kitanda cha sita kwa sita utalikunja kama mkeka, na jasho likutoke. Nguo ya mtoto nayo ina mkono mwembamba ambao hata ngumi yako haiingii. Hiyo inataka cherehani ambayo ukichomoa kisanduku cha mbele unabaki mkono mwembamba wa chuma, unauvisha ule mkono wa nguo na kuzungusha pindo.

Tisheti na vitambaa vyote vinavyovutika vinataka zigizaga. Mshono wa moja kwa moja hauvutiki. Mtoto akilazimisha kichwa kipite shingoni, uzi unakatika. Weka na sindano ya ncha butu, ipenye kati ya nyuzi bila kuzikata.

Najua mnachowaza: “Mimi nina Butterfly ya miguu nyumbani.” Usiiuze! Haina zigizaga, kweli, lakini bamba lake la chini ya sindano lina tundu dogo la mviringo. Cherehani ya zigizaga ina tundu pana, kwa kuwa sindano huenda kushoto na kulia, na ukianzia kwenye pembe ya kiraka kidogo kitambaa humezwa humo. Kwa kuunganisha viraka, Butterfly huzishinda nyingi za bei kali. Na umeme ukikatika, wewe unaendelea.

Juki ya kiwandani, ambayo mama mmoja kaniuliza pale mlangoni? Ina nguvu, hakuna ubishi. Modeli yao ya DDL-8700 hufika mishono 5,500 kwa dakika. Lakini nayo ni ya mshono wa moja kwa moja tu. Ukiwa na oda za sare za shule, chukua. Kwa gauni la mtoto wa miezi sita, mwendo huo wa nini?

Kwa hiyo anayenunua moja tu, ninamshauri ya umeme, ya vitufe vya kuzungusha kwa mkono wala si ya kompyuta, maana fundi wa mtaani ataiweza. Iwe na zigizaga, ule mkono mwembamba, na swichi ya kushusha meno. Meno ndiyo yanayovuta kitambaa. Yakishuka, wewe ndiye unayekiongoza, na unaweza kuchora maua kwa uzi juu ya blanketi. Mkono ukiwa bado mgeni, shona mistari ukianzia katikati kwenda nje, mikunjo isukumwe pembeni. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka pwani hii ya mashariki ya Afrika, hufanya kinyume: blanketi zao, kawandi, huanzia ukingoni kuelekea katikati. Ila wao hushona kwa mkono.

Ukienda dukani beba vitambaa vyako. Muuzaji hukuonyesha kwa pamba ngumu, na pamba ngumu hushonwa vizuri na cherehani yoyote. Wewe toa kipande cha tisheti, kisha tabaka zako tatu. Geuza uangalie chini: uzi ukiwa umejaa vitanzi, mwambie arekebishe ukazo wa uzi mbele yako. Akishindwa yeye mwenye duka, wewe utaweza?

Na wenye ndugu Marekani, kabla hajakutumia cherehani muulize imeandikwa volti ngapi. Kule ni 120, hapa 230. Ukiichomeka ukutani bila transfoma, mota inaungua. Haya, mezani kuna cherehani tatu na kikapu cha vipande. Wenye vitambaa vyao waanze.