Adams Morgan usiku: jibu la swali la mama mdogo

Haya wadau, mnanisikia? Upepo unapiga, ngoja niigeuze simu. Nipo Washington, juu ya daraja, na kule kwenye taa ndiyo Adams Morgan. Kituo cha treni kimeandikwa jina la mtaa huu, lakini ukishuka hujafika bado, lazima uvuke hili daraja kwa miguu. Limepewa jina la Duke Ellington, gwiji wa jazi aliyezaliwa mji huu mwaka 1899. Sisi kwetu gwiji wa muziki tukimpa hata kichochoro tunaona tumemaliza.

Video ya leo ameiagiza mama yangu mdogo wa Tandika. Jumapili nimempigia, shikamoo haijanitoka vizuri, akanidaka: “Hivi huko mzungu na mweusi wanakaa mtaa mmoja kweli, au ni mambo ya sinema?” Mama mdogo, kwa simu ningekudanganya. Twende ukaone.

Kwanza jina. Hapa palikuwa na shule mbili za msingi: Adams ya watoto wa Kizungu, Morgan ya watoto weusi. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataza kutenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma za mji huu. Mwaka uliofuata walimu wakuu wa shule hizo mbili wakakaa na wakazi, wakaunda kamati ya kuutengeneza mtaa, na kamati wakaiita kwa majina ya shule zote mbili. Jina likaganda. Kwa hiyo swali lako, mama, watu walishaliuliza hapa kabla hata wewe hujazaliwa.

Oneni ukuta huu. Marais 11 wa Marekani, kuanzia Eisenhower hadi Obama, wamejipanga kama wako kwenye picha ya harusi. Katikati yao bibi mmoja kashikana mikono nao. Huyo ni Mama Ayesha, Mpalestina aliyekuwa na mgahawa hapa, na aliyemchora ni dada mzaliwa wa El Salvador. Nikipita hapa lazima nisimame, sijui kwa nini.

Sasa tumeingia Mtaa wa 18. Mnaona nyumba zilivyobanana, chini mgahawa, ghorofani baa, juu yake mtu kalala, kama anaweza. Harufu hiyo ni ya chakula cha Wahabeshi, watu wa Ethiopia. Mfalme wao alipopinduliwa mwaka 1974 na wanajeshi wakashika nchi, watu wengi walikimbia, na Washington ikawa mji wao mkubwa huku ughaibuni. Migahawa yao mingi ya mwanzo ilikuwa mtaa huu. Sinia moja, injera, ule mkate wao laini kama chapati, imetandazwa, mchuzi juu, mnanawa mnakula kwa mkono. Siku ya kwanza kuingia nilimkuta Mzungu na tai yake analishwa tonge mdomoni na rafiki yake Mhabeshi, yaani kama bibi harusi! Wanaita gursha, ni heshima. Mama mdogo, nilikukumbuka wewe na pilau lako la shughuli.

Ila leo wamebaki wachache. Kodi ilipanda, wengi wakahamia upande wa U Street, wengine wakatoka kabisa kwenda Silver Spring, Maryland.

Kona hii ya Columbia Road ni Kihispania. Wasalvador wengi waliikimbia vita ya kwao miaka ya 1980. Kuleni pupusa: mkate wa unga wa mahindi, mnene kama chapati ya kushiba, ndani jibini na maharage, pembeni kabichi ya siki. Ukinunua moja umejidanganya.

Nimezima kamera kidogo, sasa ni saa tisa usiku. Wikiendi baa zinafunga muda huu, siku za kawaida saa nane. Tazameni hiyo foleni! Wanasubiri kipande cha piza, kimoja tu, na kinabebwa kwa sahani mbili za karatasi na bado kinaning’inia. Hapo kwenye foleni kuna mwanasheria, kuna mwanafunzi, kuna dada kavua viatu kavishika mkononi. Weusi, weupe, Walatino, wote mafuta kidevuni.

Basi mama angesema swali limejibiwa. Subiri. Zungukeni nami huku nyuma, kwenye mapipa. Hawa waliovaa aproni ndio waliopika usiku kucha. Mimi nilianzia mlango kama huu, naosha vyombo, na bosi wangu alikuwa fundi wa kupunguza saa za watu kwenye karatasi ya malipo. Jikoni tulikuwa saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaweza kupanga chumba mtaa huu. Wale wa foleni ya piza wengi wao wanapandisha ngazi tu, wamefika. Wapishi wanangoja basi la kwenda mbali, na wengine saa nne asubuhi wanatakiwa wawe wamerudi.

Kwa hiyo mama, kula wanakula pamoja. Kulala, wengi wa hawa niliosimama nao hapa hawalali mtaa huu. Hata mimi.

Lile basi linakuja, naona namba yake. Huko Dar sasa hivi ni saa nne asubuhi, umeshateka maji. Nikikaa kiti cha nyuma nakupigia, na safari hii niache nimalize shikamoo.