Mayai ya boksi, na lile jagi la Makorora

Assalaam alaykum, hamjambo watu wa Tanga, Waja Leo! Ni mimi tena, niko jikoni kwangu hapa Columbus, Ohio. Nje theluji imefika kizingitini, na mimi nimevaa soksi pea mbili. Leo hakuna muziki wala madoido. Nina jambo la kurekebisha, na nimelisababisha mwenyewe.

Mnaikumbuka ile video niliyomimina mayai kutoka kwenye boksi kama maziwa? Basi mdogo wangu wa Makorora, huko Tanga, kaiona, kaipenda, kaenda dukani kanunua trei nzima, kapasua yote 30 kwenye jagi, kapiga, kafunika, katia kwenye friji. Ananiambia, "Dada, na mimi sasa ninayo ya boksi." Usiku wa pili umeme ukakatika mpaka alfajiri. Siku ya tatu anataka kumkaangia shemeji, anafungua jagi, nyumba nzima inanuka. Mimi nasema alhamdulillahi yalinuka, maana yai lenye salmonela, wale bakteria wa kuumiza tumbo, linaweza lisinuke kabisa, ukala ukashukuru, kesho yake ukalia na tumbo.

Sikueleza vizuri, kosa langu. Haya ya boksi si mayai yaliyopasuliwa tu. Kiwandani yanapashwa moto kama nyuzi 60, yanashikiliwa hapo dakika tatu na nusu, halafu yanapozwa haraka. Sheria ya hapa Marekani inadai mayai yanayouzwa bila maganda yauliwe vijidudu kwanza. Sasa nyuzi 60, jamani, ni pale yai linapotaka kuganda lakini bado. Ukizidisha kidogo umeshapata mayai ya kuvuruga. Kwa hiyo msiniulize kama jiko la mkaa litaweza. Halitaweza. Na hata haya yangu, nikishafungua boksi nina siku tatu tu kwenye friji.

Hizo siku tatu nilizijua kwa jasho. Boksi la kawaida ni gramu 907, kama mayai 18 hivi. Lakini kwenye duka linalouzia mahoteli kuna mfuko wa paundi 20. Nikapiga hesabu: kilo 9, sawa na trei sita, bei inavutia. Nikabeba. Nyumbani tuko wanne! Nimeshaufungua ndio nasoma maandishi ya pembeni. Siku ile nilipika mayai mpaka usiku wa manane, mume wangu ananiuliza kama kuna harusi.

Ila ndipo nilipojifunza kupika ya wiki nzima. Nachukua bati la keki lenye vikombe 12, napaka mafuta. Mayai kama kumi yanatosha, na kwa boksi ni vijiko vikubwa vitatu badala ya kila yai. Vitunguu, hoho na mchicha nakaanga kwanza mpaka maji yote yakauke. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mchicha ukiingia mbichi, siku ya kupasha moto yai linatoa machozi, kinakuwa kitu cha kuchuruzika. Chumvi, pilipili manga, oveni nyuzi 175, dakika kama 20, katikati pakishika natoa. Ukiacha zaidi, linakuwa mpira. Yakipoa nafunga moja moja, ya siku tatu friji, mengine friza. Zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri, wallahi sina muda wa kushika mwiko. Na Ramadhani ndiyo daku hiyo, naviringisha kwenye chapati, nusu usingizi.

Penye aibu niseme pia. Nilijaribu mkate wa mayai wa mama, ule wa Ngamiani, iliki na sukari, hauna hamira. Nikapiga mayai ya boksi mpaka mkono ukafa ganzi, povu halipandi. Mkate ukatoka bapa kama sahani. Kwa mkate wa mayai ni yai la ganda, basi.

Sasa wewe uliye Makorora au Chumbageni, boksi la nini? Muuza chipsi mayai wa kona yako anapasua yai na kulikaanga papo hapo, na wewe fanya hivyo hivyo, ila pika mengi kwa mkupuo. Pasua moja moja kwenye kibakuli kwanza, maana yai viza moja likiingia kwenye sufuria umepoteza yote. Huna oveni? Sufuria yenye kifuniko, moto mdogo, mkaa kidogo juu, kama unavyochoma mkate. Yakiiva na kupoa, yaweke friza. Ukitaka kuhifadhi mabichi, yapige na chumvi kidogo, yaende friza moja kwa moja siku ileile, si jagi kwenye friji. Umeme ukikatika hadi yakayeyuka na kupata joto, mwaga, usiyaonee huruma.

Haya, oveni inanililia huko. Na wewe mdogo wangu, najua unaangalia: lile jagi ulilisugua kwa maji ya moto, au ndilo mnalowekea juisi ya ukwaju?