Shilingi Ileile, Fedha Imekwenda Wapi?

Mabibi na mabwana, karibuni. Hapa mezani kuna sarafu tatu: rupia ya India ya enzi za Mfalme Edward wa Saba, ambayo ilitumika pia huku kwetu, shilingi ya Afrika Mashariki ya 1924, na nyingine ya 1950.

Rupia ina gramu 11.66, na sehemu 11 kati ya 12 ni madini ya fedha, yaani gramu 10.69. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha ilipanda hadi madini ya rupia yakazidi thamani yake ya zamani, peni 16 za Uingereza. Mwaka 1920 huku kwetu ikapangiwa shilingi mbili za Uingereza. Shilingi iliyokuja 1921 ina gramu 7.8 hivi, na fedha ni robo tu. Hebu pigeni hesabu: shilingi mbili zina gramu 3.9. Aliyetoa rupia akapewa shilingi mbili alipoteza karibu gramu 7 za fedha, na simba mgongoni mwa sarafu hakumwambia kitu.

Mwaka 1948 fedha ikaondolewa kabisa, ikabaki shaba na nikeli. Uzito na upana havikubadilika, kwa hiyo mizani peke yake haitawasaidia. Sumaku nayo haishiki yoyote kati ya hizi.

Pimeni kwa maji. Andika uzito wa sarafu ikiwa kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, kisha izamishe sarafu kwa uzi mwembamba bila kugusa kikombe. Gawanya uzito mkavu kwa namba inayosomeka, upate msongamano, yaani uzito wa madini ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule. Yenye robo ya fedha husoma kama gramu 0.84 na kutoa 9.3, ya shaba na nikeli husoma 0.87 na kutoa 8.9. Tofauti ni 0.03 tu, hivyo mizani ya jikoni haifai kabisa. Tafuteni inayosoma 0.01 au chini yake. Kiputo kimoja kikinasa kwenye meno ya ukingo, namba hupanda na sarafu nzuri huonekana mbovu. Tone la sabuni ndani ya maji huondoa tatizo hilo.

Mashine ya eksirei, inayotambua madini yaliyomo kwenye sarafu, nayo isiaminiwe haraka. Aloi, yaani mchanganyiko wa madini, yenye fedha kidogo kwa kawaida huoshwa kwa asidi kabla ya kugongwa chapa; shaba ya juu huliwa, fedha hubaki usoni. Mashine husoma ngozi hiyo tu, ikatoa kiwango kikubwa kuliko kilichomo. Elekezeni mwale palipolika, kwenye shavu la mfalme, ambako wekundu wa shaba umeshaanza kuchungulia.